Wageni 35 uani, bila tenti wala mshereheshaji

Msomaji mmoja wa Mamboleo, jijini Kisumu, ameniandikia hivi:

"Tulihamia nyumba yetu mwezi wa Novemba. Nyuma ya nyumba tuna uwanja wa nyasi wa mita 12 kwa 9, wenye mwembe mmoja, na uko upande wa mawio. Ningependa kuwaalika watu 35, kumi kati yao wakiwa watoto, Jumamosi ya mwisho ya Januari, tule, tuongee na tucheke tu, pasiwe na tenti, ratiba wala mshereheshaji. Mume wangu ana wasiwasi kwamba jamaa zake, hasa mama yake, wataona tumewadharau. Mimi nami naogopa kwamba nitashinda jikoni, kama ilivyokuwa tulipomfanyia mtoto sherehe ya ubatizo. Nifanyeje ili siku hiyo iwe ya starehe kwa wageni na kwangu pia?"

Dada mpendwa, hofu ya mumeo na hofu yako zimetoka shina moja, nalo ni kungoja. Nimepika katika sherehe za watu kwa miaka mingi, kwanza nyumbani kwetu Nakuru, kisha huku kwenu ziwani, na sijaona mgeni aliyekasirika kwa sababu hapakuwa na tenti. Nimewaona wengi waliokasirika kwa sababu waliketi kwa muda wa saa tatu wakinusa nyama ambayo haikuwa imeiva. Hebu fikiria ratiba, hotuba na mshereheshaji vilivyoingia katika sherehe zetu: kwa sehemu kubwa kazi yake ni kuwashughulisha watu wakati chakula kinachelewa na mgeni wa heshima hajafika. Ukiviondoa vitu hivyo bila kukiondoa kungoja kwenyewe, utabaki na watu 35 wanaotazamana, na hapo ndipo mama mkwe wako atakapoona dharau. Kwa hiyo yote nitakayokueleza, kuanzia siku hadi makaa, yanalenga jambo moja: kwamba mgeni akiingia langoni asikute jambo ambalo bado linasubiriwa.

Nianze na siku yenyewe, kwa maana hapo sikubaliani nawe. Jumamosi katika eneo letu la magharibi ni siku ya mazishi. Unaweza kualika mwezi mzima kabla, lakini Jumatano ya wiki hiyohiyo habari ya msiba ikifika, nusu ya jamaa za mumeo watakuwa safarini kuelekea kijijini, na huna haki ya kulalamika. Aidha, ikiwa miongoni mwa wageni wako wamo Wasabato, na Kisumu ni vigumu kuwakosa, Jumamosi hawatakuja kabla ya jua kuzama. Januari nayo ni mwezi ambao wazazi wametoka kulipa karo na kununua sare. Watu watakuja, lakini watakuja wakiwa na mawazo ya madeni. Chagua Jumapili ya pili au ya tatu ya Februari, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja jioni. Watakuwa wametoka kanisani, wameoga, wamevaa vizuri, na kwa kuwa kesho yake ni kazi, hakuna atakayeshangaa sherehe ikiisha giza linapoingia. Saa nne zinatosha.

Uwanja wako umekupa bahati ambayo wengi hukodi kwa fedha. Kwa kuwa uko upande wa mawio, jua likishavuka utosi nyumba yenyewe itaanza kukutandikia kivuli. Mwezi wa Februari, Kisumu, jua huwa katika kilele karibu saa saba mchana na huzama karibu saa moja jioni. Saa kumi, ukuta wenye urefu wa mita tatu na nusu utakuwa umetupa kivuli kinachouzidi urefu huo kidogo, na ifikapo saa kumi na moja kivuli hicho kitakuwa karibu maradufu, yaani kimemeza zaidi ya nusu ya uwanja wako. Sehemu ngumu ni ile saa ya kwanza tu, kati ya saa tisa na saa kumi, wakati joto la mchana bado liko karibu na nyuzi 30. Hapo ndipo mwembe unapofanya kazi. Usiweke meza ya chakula chini yake, weka watu. Jumapili moja kabla ya sherehe, toka nje saa tisa na nusu ukiwa na vijiti vichache, uvichomeke mahali kivuli kinapoishia, na urudie saa kumi na nusu. Baada ya hapo hutahitaji kumwuliza mtu viti vikae wapi.

Mvua ya Kisumu inataka heshima yake hata katika miezi ya kiangazi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo wa ziwa huvuma kuelekea bara, nao ukikutana na upepo unaotoka upande wa vilima vya Nandi hewa hupanda, mawingu hujengeka, na mvua ya radi hushuka alasiri au jioni. Ninyi wa Mamboleo mna nafasi nzuri ya kuliona jambo hilo likija. Mawingu yakianza kusimama kama mnara juu ya Nandi saa nane, jiandae. Maandalizi hayahitaji tenti. Turubai moja imara lililofungwa kwa mteremko kutoka ukutani hadi kwenye nguzo mbili litahifadhi chakula na wazee, na wengine wataingia barazani na sebuleni kwa nusu saa. Tenti ya watu mia moja naikataa kwa sababu nyingine pia: ikisimama tu, viti hujipanga safu, safu hutazama mbele, na mbele pakishakuwapo atajitokeza mtu wa kusimama hapo akishika kipaza sauti.

Kuna onyo moja sitalipita haraka. Mvua inapoanza ghafla, jambo la kwanza ambalo vijana hufanya ni kulibeba jiko la makaa na kuliingiza gereji au jikoni ili nyama isiharibike. Hilo lisitokee kwako kamwe. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo katika chumba kilichofungwa inaweza kuua kabla watu hawajatambua kwamba maumivu ya kichwa na kizunguzungu walicho nacho si uchovu. Niliwahi kumkuta mchomaji hodari akiwa ameketi sakafuni gerejini, hawezi kusimama, mlango ukiwa wazi robo tu, na wenzake wakidhani amelewa. Jiko libaki nje chini ya ncha ya turubai, turubai likiwa juu vya kutosha ili moto usiliunguze, au nyama iondolewe na jiko liachwe lilowe.

Sasa nije kwa mama mkwe wako. Sherehe isiyo rasmi haimaanishi kwamba wote wanatendewa sawa; ina maana kwamba heshima inatolewa bila kutangazwa. Wazee wawe na viti vyenye egemeo na mikono, vilivyo tayari chini ya mwembe, pamoja na meza ndogo ya kuwekea gilasi, wala wasiombwe kukaa kwenye mkeka eti kwa kuwa sherehe ni ya vijana. Mama huyo apokewe langoni na mwanawe mwenyewe, apelekwe kwenye kiti, aletewe maji ya vuguvugu ya kunawa kwa jagi na beseni huku wengine wakinawia kwenye tangi lenye mfereji, na awe wa kwanza kupewa cha kutafuna. Mwombe yeye, au mzee mwingine mnayekubaliana naye, aongoze sala fupi wakati nyama ya kwanza inapokatwa. Baada ya sala mumeo aseme sentensi mbili za kuwakaribisha watu, naye aketi. Ukifanya hivyo, hakuna ratiba utakayodaiwa. Ikiwa mtapika kuku wa kienyeji, na jamaa zenu ni Waluhya, mnajua nyinyi wenyewe firigisi, kile kipande cha heshima, inakwenda kwa nani. Kosa la namna hiyo hukumbukwa miaka kumi, ilhali hakuna atakayekumbuka kwamba viti havikuwa na vitambaa vyeupe.

Wengine waketi kwa vikundi vya viti vitano au sita, vikielekeana, na mikeka miwili karibu na mahali watoto watakapocheza. Usiweke viti 35. Weka 28 hivi. Watu wakikosa viti vya kutosha husimama, hutembea, huenda kumsaidia mchomaji kwa maneno, hukaa ukingoni mwa baraza, na mazungumzo huchanganyika. Viti vikizidi, kila mtu hukaa alipofikia na jamaa zake mpaka anapoaga.

Ufunguo wa kungoja uko kwenye saa ya kwanza. Hata ukiandika saa tisa kwenye ujumbe wa mwaliko, wapo watakaofika saa nane na nusu wakisema walipata gari mapema, na wapo watakaofika saa kumi na moja bila kusema lolote. Kwa hiyo chakula cha kwanza kiwe kile kisichomhitaji mtu wa kupakua, na kisichoharibika kikikaa. Njugu karanga za kukaanga ziwe kwenye mabakuli kila kikundi cha viti. Omena waliooshwa vizuri, wakakaushwa na kukaangwa mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika, wakaminyiwa ndimu na kunyunyiziwa pilipili, huliwa kwa vidole na hata wale wanaosema hawali omena hurudi mara ya pili. Februari bado ni msimu wa maembe; kata yale yasiyoiva sana vipande virefu, uyapake chumvi na pilipili ya unga. Hayo matatu yakiwa mezani saa nane na nusu, anayefika mapema hakukuti ukikimbia, na anayechelewa hajakosa kitu.

Kuhusu nyama, wengi hukosea hesabu ya saa kuliko hesabu ya kilo. Kilo ni rahisi: nyama ya mbuzi yenye mifupa, gramu 400 kabla ya kuchomwa kwa kila mtu mzima, na nusu yake kwa kila mtoto, palipo na vyakula vingine. Watu wazima wako 25 watahitaji kilo 10, watoto 10 kilo mbili, jumla kilo 12. Mbuzi hai wa kilo 28 hadi 30 hutoa nyama ya kiasi hicho au zaidi kidogo. Ninakushauri usimchinje nyumbani. Nunua buchani nyama yenye mhuri wa mkaguzi, ichukuliwe asubuhi ya siku hiyo, na ikiwa una wageni Waislamu, inunue kwa mchinjaji Mwislamu na uwaambie mapema, usiwaache waulize. Kwa Wasabato hakikisha hakuna nyama ya nguruwe wala kambare, kwa sababu kambare hana magamba nao hawamli. Ongeza kuku watatu wa kienyeji wa mchuzi, nitaeleza wakati wao. Kisha pika kana kwamba mko 42, maana hakuna mwaliko wa huku kwetu unaokuja peke yake. Shemeji atakuja na rafiki, na mtoto atakuja na mtoto wa jirani.

Hesabu ya saa ndiyo hii. Paja la mbuzi likichomwa taratibu huchukua saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu kutegemea ukubwa wake na umri wa mbuzi. Mbavu huchukua dakika 45 hadi saa moja. Makaa yenyewe huhitaji nusu saa au zaidi mpaka yafunikwe na majivu ya kijivu na ndimi za moto zipotee, na hapo ndipo yako tayari. Kwa hiyo, ukitaka nyama ya kwanza ikatwe saa kumi kamili, moto uwashwe saa saba na nusu, mapaja yaingie saa nane, na mbavu saa tisa. Mimi mwenyewe, katika sherehe ya kwanza niliyolipwa kupika, niliwasha moto wageni walipoanza kuingia ili "waone nyama ikichomwa." Waliiona mpaka saa mbili usiku. Tangu hapo sijawahi kuwasha moto nikiwa na mgeni uani.

Tumia pipa lililopasuliwa au jiko refu la chuma lenye nafasi ya kusogeza makaa upande mmoja. Upande wenye makaa mengi ni wa kukausha ngozi ya nje mwishoni, na upande wenye makaa machache ni wa kuivisha. Nyama isikatwe vipande vidogo kabla ya kuchomwa, kwa maana kipande kidogo hukauka kabla hakijalainika; choma paja zima, uliache litulie juu ya ubao kwa dakika kumi, ndipo likatwe. Maji ya chumvi yapakwe kwa shada la dania au kitambaa safi wakati wa kuchoma, si kumwagwa, kwa sababu maji yakilifikia kaa majivu huruka na kung'ang'ania nyama. Usitumie mbao zilizopakwa rangi wala vipande vya samani ya zamani kuongezea moto. Dawa na rangi zilizomo huingia katika moshi, na moshi huingia katika nyama. Ubao na kisu cha nyama mbichi visirudi kukata nyama iliyoiva. Kama una fedha ya kumlipa mtu mmoja tu siku hiyo, mlipe mchomaji, na kama una ya wawili, wa pili awe kijana wa kuosha vyombo. Watu 35 hutumia gilasi nyingi kuliko unavyodhani.

Jiko liwekwe wapi? Alasiri upepo wa kwenu hutoka ziwani, yaani kusini-magharibi, na huelekea vilimani. Liweke kona ya kaskazini-mashariki ya uwanja, moshi uende mbali na watu, lakini kwanza chungulia juu ya ua uone kama jirani wa upande huo hana kamba ya nguo.

Jambo la wewe kushinda jikoni lina dawa iliyo wazi, ingawa wengi hawaipendi: ufunge mlango wa jikoni. Katika sherehe zetu wanaume hukaa uani na moto, na wanawake hukaa ndani na sufuria, na mwenye nyumba huwasikia wageni wake kwa kicheko kinachopenya dirishani. Mawifi zako wakifika wataenda moja kwa moja jikoni, kwa mapenzi na kwa mazoea, na ukiwaacha waingie utawafuata. Basi jikoni pasiwe na kazi. Kila kinachopikwa siku hiyo kipikwe nje, kwenye majiko mawili kando ya lile la nyama, na meza ya kupakulia iwe palepale. Anayetaka kusaidia apewe kazi ya uani: kukatakata kachumbari, kugeuza nyama, kumimina juisi. Na wewe ukisonga ugali, usonge ukiwa katikati ya mazungumzo, si nyuma ya ukuta.

Ili hilo liwezekane, kazi nyingine ifanywe Jumamosi. Kuku achemshwe na kuungwa jioni hiyo, apoe haraka kwenye sufuria pana isiyo na kina, aingie kwenye friji, na Jumapili apashwe moto mpaka mchuzi utokote kabisa, wala si mpaka uwe vuguvugu tu. Chapati agiza kwa mama anayezipika mtaani kwako, mbili kwa kila mtu, ziletwe saa tisa zikiwa zimefungwa kwa kitambaa ndani ya chombo cha kuhifadhi joto. Viazi vitamu vichemshwe mchana na maganda yake. Ugali usongwe sufuria moja tu, unga wa kilo tatu hivi, kwa ajili ya wale ambao wasipouona hawahesabu kwamba wamekula. Usongwe saa kumi, nyama inapokatwa. Mboga iwe ya aina moja ya kienyeji, kunde au managu, iliyopikwa kwa maziwa asubuhi na kupashwa moto. Samaki wa kukaanga ninamwacha nje makusudi. Najua ni Kisumu, na najua kuna watakaouliza, lakini ngege mzima aliyekaangwa ni mtamu dakika kumi za kwanza, na kumkaangia kila mtu wa kwake ni kurudi katika kungoja.

Kachumbari inahitaji kilo tatu za nyanya na kilo moja ya vitunguu. Nyanya na dania vioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kwa kuwa hivi havipikwi na kipindupindu hakijatusahau katika kaunti za ziwani. Vitunguu vikatwe vyembamba na kusuguliwa kwa chumvi, kisha visuuzwe. Chumvi ya kachumbari yenyewe itiwe dakika ya mwisho, la sivyo utakuwa na supu baridi. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la kwenu saa moja ni salama zaidi. Toa kidogo kidogo, kingine kibaki juu ya makaa au ndani ya chombo cha joto.

Vinywaji nitavipita upesi. Pima lita moja na nusu kwa kila mtu kwa jumla ya alasiri yote, na zaidi ya nusu yake iwe maji safi ya kunywa, kwa sababu watu wenye nyama, chumvi na jua hunywa maji kuliko soda. Kreti mbili za soda za chupa 24 zinatosha. Ukwaju ulolowekwa usiku na kuchujwa hukata mafuta ya mbuzi vizuri kuliko chochote cha dukani. Barafu ya kutia ndani ya gilasi iwe ya maji ya kunywa, na barafu ya kupozea chupa ikae beseni jingine, watoto waonywe. Kuhusu pombe, hilo ni lenu wawili. Ila kama itakuwepo, ikae mezani kwake upande wa pili, mbali na wazee wa kanisa na mbali na watoto, na ajulikane mapema nani hanywi ili awapeleke wengine nyumbani.

Majirani waambiwe siku tatu kabla, kwa mdomo, langoni kwao, na wale wa ukuta kwa ukuta wapelekewe sahani saa kumi na moja. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje katika makazi mchana, na 35 baada ya saa mbili usiku. Kiwango cha mchana ni cha chini kuliko mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo spika kubwa ni kuvunja kanuni kuanzia wimbo wa kwanza. Spika ndogo iliyowekwa chini kwenye nyasi, ikipiga benga kwa sauti ya chini, inatosha. Muziki ukiwalazimisha watu kupaza sauti, wazee watahamia ndani, na sherehe yako itagawanyika. Watoto wape kamba, mpira wa makaratasi kwa ajili ya kati, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati, na kama baba mkwe anaujua mchezo wa ajua, yaani bao, ubao wake uwe karibu na kiti chake. Utaona watoto watakavyomzunguka.

Sahani zikodishwe za kuoshwa, 50 hivi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017, kwa hiyo anayetaka kubeba nyama ya nyumbani aambiwe aje na mkebe. Na mgeni akikuuliza, "Nilete nini?", usimjibu "njoo tu." Mkono mtupu haulambwi, na anayeuliza ameshaamua kuja na kitu, mtajie kitu kimoja: tikiti maji, ndimu, mkeka. La sivyo utapata mikate minane.

Ifikapo saa kumi na mbili na robo, weka chai ya maziwa motoni, lita tisa kwa watu wako. Huku kwetu chai ya jioni huwaambia wageni kwamba siku inafungwa, bila mwenyeji kusema neno. Wakati huo ndio pia mbu wanapoanza kuamka, nao wa malaria huuma zaidi kuanzia usiku unapoingia hadi alfajiri. Watoto wavishwe mikono mirefu na wapakwe dawa kabla ya giza, na asubuhi ya siku hiyo umwage maji yote yaliyotuama katika ndoo, matairi na vyungu vya maua. Taa usiitundike juu ya meza. Wadudu wa ziwani, wale wanaotoka kwa mawingu hasa karibu na mwezi mwandamo, huifuata taa na kuangukia chakulani. Taa kali iwe mbali, langoni, na penye watu pawe na balbu hafifu ya manjano.

Mama mkwe akiondoka, msindikize wewe mwenyewe hadi kwenye gari ukiwa na chakula chake kilichofungwa. Usiku huo osha vyombo vya nyama tu, vingine vilowekwe. Makaa usiyaache yajizimie wala usiyazoe kwenye ndoo ya plastiki: yamwagie maji polepole, yachochee kwa koleo, yamwagie tena mpaka yasitoe mvuke, kisha uyafunike kwa bati hadi asubuhi, ndipo majivu yaende shambani kwenye mboga.